Kifua kimefika wapi? Kisa cha Jeshi la Marekani na pushapu zake

Kijana akiniambia anapiga pushapu 50, namuuliza kifua chake kinafika wapi. Wengi hushangaa, kwa sababu mtaani tumezoea kuulizana idadi tu: "Kaka, unapiga ngapi?" Ikitajwa namba kubwa anasifiwa, ikitajwa ndogo anaambiwa akaze, na mazungumzo yanaishia hapo. Namba hiyo haisemi chochote mpaka tukubaliane pushapu moja inaanzia wapi na inaishia wapi. Kisa kinachoonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko vyote ninavyovijua ni cha Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Kwa takriban miaka 40 lilipima askari wake kwa pushapu za kawaida, kisha likaamua kubadilisha namna ya kuzipiga. Mabadiliko hayo yanagusa karibu kila kitu anachotakiwa kukijua mtu anayepiga pushapu, awe anaanza leo au awe mzoefu wa miaka.

Mwaka 1980 jeshi hilo lilianza kutumia kipimo cha mambo matatu: pushapu kwa dakika 2, sitapu (kulala chali na kuinuka mpaka kuketi) kwa dakika 2, na mbio za maili 2, yaani kilomita 3.2. Kila jambo lilikuwa na alama 100, na askari alitakiwa kupata angalau 60 katika kila moja. Katika jedwali lililotumika miaka ya mwisho ya kipimo hicho, mwanamume wa miaka 17 hadi 21 alipata alama 60 kwa pushapu 42, na alama zote 100 kwa pushapu 71. Mwanamke wa umri huohuo alipata 60 kwa pushapu 19 na 100 kwa pushapu 42. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga magoti. Walipiga kwa ncha za vidole vya miguu kama wanaume, tofauti ikawa kwenye idadi peke yake. Nitarudi kwenye hili, maana vipimo vingi vya kiraia vimefanya kinyume chake.

Maelezo ya zoezi lenyewe yalikuwa mazuri kwenye karatasi. Mwili unyooke kutoka mabegani hadi vifundoni. Ushuke kwa pamoja mpaka mkono wa juu, ule wa kati ya bega na kiwiko, uwe sambamba na ardhi. Kisha upande kwa pamoja mpaka viwiko vinyooke kabisa. Mhesabuji alipiga magoti au alikaa umbali wa kama mita moja kutoka bega la askari, pembeni kwa nyuzi 45, kichwa chake kikiwa usawa wa bega la anayepimwa. Pushapu ikiharibika, alirudia namba ileile ya mwisho iliyokuwa sahihi, na askari akajua imepotea.

Kulikuwa na kanuni moja ndani ya kipimo hicho ambayo naipenda sana na sioni watu wakiizungumzia. Askari akikosea ndani ya pushapu 10 za kwanza, mhesabuji alimsimamisha, akamwambia aweke magoti chini, akamweleza kosa lake, kisha akampeleka mwisho wa foleni aanze upya. Zikishapita 10 hapakuwa na kuanza upya tena. Fikiria hekima iliyomo. Pushapu za mwanzo mtu huzipiga akiwa na nguvu zake zote, kwa hiyo kosa linaloonekana pale haliwezi kuwa la uchovu. Ni kosa la kutojua, na kutojua kunatibiwa kwa maelezo. Kosa linalokuja kwenye pushapu ya 35 ni jambo lingine kabisa: mtu anajua anachotakiwa kufanya ila misuli imegoma. Makocha wengi wa mtaani huyachanganya haya mawili. Anayeanza anapigiwa kelele "kaza! kaza!" wakati anachohitaji ni mtu wa kumwonyesha mikono iwekwe wapi.

Sasa tazama kilichoharibika. "Sambamba na ardhi" ni mstari uliochorwa hewani, na hakuna kitu kinachougusa. Wahesabuji wawili wakimtazama askari mmoja, huyu ataona mkono umefika, yule ataona bado sentimita 3. Pushapu zikishakuwa nyingi na za haraka, jicho linachoka kama misuli inavyochoka. Na alama za kipimo hiki ziliingia kwenye pointi za kupandishwa cheo kwa askari wa vyeo vya chini, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na sababu ya kutaka namba kubwa. Mwili ukiambiwa upate namba kubwa kwa dakika 2, unatafuta njia fupi wenyewe, hata bila mtu kukusudia kudanganya. Safari ya kushuka inapungua kidogo kidogo. Kiuno kinalegea. Kichwa kinainama kuelekea chini, ili ionekane kitu kimeshuka hata kama kifua kimebaki juu.

Safari hiyo huanza kukatwa upande wa chini, na sababu yake inajulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulipima uzito unaobebwa na mikono wakati wa pushapu. Mtu akiwa juu, viwiko vimenyooka, mikono hubeba takriban asilimia 69 ya uzito wa mwili. Akiwa chini hubeba takriban asilimia 75. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kutoka kilo 48 hadi kilo 52 na ushei. Zaidi ya kilo hizo, pale chini misuli ya kifua imevutika na viwiko vimekunjwa, hali ambayo kujisukuma huwa kugumu kuliko popote. Anayeishia nusu ya njia ameruka sehemu ngumu na kujihesabia sehemu nyepesi, mara 42 mfululizo.

Mwaka 2018 jeshi lilitangaza kipimo kipya cha mambo sita, ambacho baada ya majaribio na marekebisho ya miaka kadhaa kilianza kuhesabiwa rasmi kwenye rekodi za askari wa kudumu tarehe 1 Oktoba 2022. Pushapu zilibaki, dakika 2 zilibaki, ila zoezi likageuzwa. Askari anaanza akiwa amelala kifudifudi, viganja chini ya mabega. Anajisukuma mpaka viwiko vinyooke, mwili ukipanda kama kitu kimoja. Anashuka mpaka kifua, nyonga na sehemu ya mbele ya mapaja viguse ardhi. Hapo chini ananyoosha mikono pembeni kama mtu aliyesulubiwa, anairudisha chini ya mabega, ndipo anaanza nyingine. Akichoka, mahali pekee anaporuhusiwa kupumzika ni juu, viwiko vimenyooka. Akilala chini na kukaa hapo, kipimo kimekwisha.

Nimelitazama badiliko hili kwa muda mrefu na naliheshimu. Swali la "amefika au hajafika" limetolewa kwenye jicho la mhesabuji na kukabidhiwa ardhi. Mikono ikinyooshwa pembeni, mwili wote umelala. Hakuna namna ya kubishana. Kudunda pia kumekufa, maana kila pushapu inaanza mwili ukiwa umetulia kabisa, pale penye ugumu wote. Na ule mwendo wa mikono kwenda pembeni unayaamsha mabega kwa nyuma na mgongo wa juu, misuli ambayo pushapu ya kawaida huisahau.

Gharama yake ni kasi. Kulala, kunyoosha mikono, kuirudisha na kuanza upya kunakula sekunde, kwa hiyo namba zilishuka. Katika mmoja wa mipango ya awali pushapu 60 za aina hii zilitosha kupata alama 100, na kiwango cha chini kilipangwa kwa ugumu wa kazi: 10, 20 au 30. Baadaye kiwango cha chini kikawa 10. Wapo waliosema jeshi limelegea, kutoka 42 hadi 10. Mimi sikubaliani na hesabu hiyo jinsi inavyopigwa, kwa sababu inalinganisha vitu viwili tofauti. Ila nakubali kwamba 10 ni kidogo kwa askari mwenye umri wa miaka 20 na dakika 2 mkononi. Kupanda kwa ubora wa pushapu hakukuhitaji kushusha mlango kiasi hicho.

Ndani ya kipimo hichohicho kulikuwa na zoezi jingine lililoanguka, na kuanguka kwake kunatufundisha kuhusu pushapu. Askari alitakiwa kuning'inia kwenye chuma na kuvuta magoti mpaka yaguse viwiko. Kiwango cha chini kabisa kilikuwa mara 1. Katika majaribio, wanawake wengi walishindwa hiyo moja. Zoezi hilo likaruhusiwa kubadilishwa kwa planki, yaani kujishikilia mwili ukiwa umenyooka juu ya viwiko, na mwaka 2022 likaondolewa kabisa. Ubaya wake ulikuwa huu: aliyekaribia kuweza na aliye mbali kabisa wote walipata sifuri, na sifuri haimwambii mtu aanzie wapi kesho. Pushapu haina tatizo hilo, mradi anayeifundisha anajua kwamba ugumu wake unaweza kupunguzwa au kuongezwa kwa kuinua upande mmoja wa mwili.

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo 2011, uliopima kwa njia tofauti kidogo, ulipata kwamba pushapu ya kawaida huweka mikononi takriban asilimia 64 ya uzito wa mwili. Ukipiga magoti ni asilimia 49. Ukiweka mikono juu ya kitu cha sentimita 30 ni asilimia 55, na kitu cha sentimita 60 ni asilimia 41. Ukigeuza, miguu ikawa juu kwa sentimita 30, unafika asilimia 70. Kwa sentimita 60, asilimia 74. Kwa yule mtu wetu wa kilo 70, hiyo ni kutoka kilo 29 mikono ikiwa kwenye benchi hadi kilo 52 miguu ikiwa kwenye benchi hilohilo.

Angalia magoti yanapoangukia: asilimia 49, katikati ya benchi refu na ngazi fupi. Kwa hiyo mtu anayeshindwa pushapu za magoti, na wapo wengi, bado ana pa kuanzia chini ya hapo. Na mimi napendelea aanzie kwenye kitu kilichoinuliwa badala ya magoti, kwa sababu ya kiuno. Ukipiga magoti, mwili unakuwa mfupi, na tumbo na mapaja hayafanyi kazi ya kuunyoosha mwili wote. Mtu anaweza kukaa miezi kwenye magoti, kifua kikawa na nguvu, lakini siku anaponyoosha miguu kiuno kinazama kama kitanda cha kamba kilicholegea. Mikono ikiwa kwenye benchi na miguu imenyooka, mwili unajifunza umbo la mwisho tangu siku ya kwanza, ila kwa uzito mdogo. Vipimo vingi vya afya vya kiraia huwaweka wanawake kwenye magoti moja kwa moja kwa sababu ni wanawake. Jeshi la Marekani halikufanya hivyo hata mwaka 1980, na katika hili lilikuwa sahihi. Ngazi ya mtu ipangwe kwa anachoweza leo.

Nyumbani vitu hivi vipo. Ukuta unamfaa mama mwenye umri mkubwa au mtu anayetoka kuugua. Ukingo wa meza nzito isiyoteleza, kisha kibaraza, kisha daraja la pili la ngazi, kisha la kwanza, kisha sakafu. Godoro halifai, linazamisha viganja na kuumiza vifundo vya mikono. Kwenye ukingo huwezi kunyoosha mikono pembeni kama askari, basi tumia kanuni ileile kwa namna nyingine: kifua kiguse ukingo, tulia kwa pumzi moja fupi bila kuulalia, ndipo usukume. Kiguse kifua, usawa wa chuchu au chini yake kidogo, na siyo shingo. Ukiona shingo ndiyo inafika kwanza, miguu yako iko mbele mno au viwiko vimetanuka sana.

Viwiko vina mjadala wao. Kanuni ya jeshi inataka viganja viwe chini ya mabega, na viganja vikikaa hapo viwiko huelekea nyuma kwa mshazari vyenyewe. Makosa mengi ninayoyaona yanaanzia kwa mtu anayeweka mikono mbali na mbele, usawa wa masikio. Viwiko vinatoka pembeni kabisa, mabega yanapanda kuelekea shingoni, na baada ya wiki chache bega linaanza kuuma kwa mbele. Rudisha viganja nyuma, acha viwiko viwe kama nyuzi 45 kutoka ubavuni, na maumivu ya aina hiyo mara nyingi hupungua. Yasipopungua, au yakiwapo hata mtu akiwa amepumzika, hilo ni la daktari na si la kocha. Kwa vifundo vya mikono, kupiga pushapu kwa ngumi juu ya kitambaa, au kwa kushika vishikio, huviweka vimenyooka. Na pumzi: vuta unaposhuka, toa unapopanda. Mwenye shinikizo la damu la juu asijibane pumzi hata kwa pushapu moja.

Kipimo kipya kina mapengo. La kwanza ni juu. Kanuni inataka viwiko vinyooke, lakini haisemi lolote kuhusu ile sentimita moja au mbili inayobaki baada ya viwiko kunyooka, pale unaposukuma ardhi zaidi na mifupa bapa ya mabegani ikatengana mgongoni. Sehemu hiyo ndogo ndiyo inayoifanyisha kazi misuli ya ubavuni inayoshikilia bapa la bega lisinyanyuke kama bawa. Anayejizoeza peke yake aimalize kila mara, hata kama hakuna anayemhesabia.

La pili ni mwendo. Dakika 2 bila mdundo wowote humpa nafasi anayejua kugawa nguvu zake: anapiga 25 za haraka, anapumzika juu, anapiga 5, anapumzika tena. Anachopimwa hapo ni nguvu pamoja na ujanja. Linganisha na utafiti wa zimamoto uliotoka Chuo Kikuu cha Harvard na kuchapishwa Februari 2019. Wanaume 1,104 wa vikosi vya zimamoto katika jimbo la Indiana walipiga pushapu kwa kufuata metronomu, kifaa kinachopiga mdundo usiobadilika, ya midundo 80 kwa dakika. Mtu alisimamishwa akifika 80, akichoka, au akikosa midundo 3 au zaidi. Walifuatiliwa kwa miaka 10, na matukio ya maradhi ya moyo na mishipa yalikuwa 37. Walioweza zaidi ya pushapu 40 mwanzoni walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 96 kuliko walioshindwa kufika 10. Habari hiyo ilienea ulimwenguni kana kwamba pushapu ni dawa ya moyo. Utafiti haukusema hivyo. Walikuwa wanaume watupu, wa kazi moja, wenye umri wa wastani wa miaka 40 hivi, na anayeweza pushapu 40 kwa kawaida ana mambo mengine mengi mazuri mwilini mwake. Kinachonivutia mimi ni ile metronomu. Kwa mdundo, mtu haulizwi ana ujanja gani. Anafuata au anasimama.

Tarehe 1 Juni 2025 jeshi lilibadilisha kipimo tena. Zoezi la kurusha mpira mzito liliondolewa, yakabaki mambo matano, na kwa kazi za mapigano wanaume na wanawake wakawekewa kiwango kimoja. Pushapu za kunyoosha mikono hazikuguswa. Katika mabadiliko yote tangu 2018, ambapo karibu kila jambo lilibishaniwa, hili lilipita, na nadhani ni kwa sababu ya ule uamuzi wa kuiachia ardhi kazi ya kuhesabu.

Vijana wanaojiandaa na usaili wa majeshi yetu huniuliza mara kwa mara wafanye nini, na ninawaambia wafuate mpango uliomo ndani ya kisa hiki. Tafuta urefu wa kuweka mikono ambapo unaweza kupiga pushapu 10 safi, ya kwanza na ya kumi zikifanana. Mwombe ndugu apige magoti pembeni, kichwa chake usawa wa bega lako, au weka simu mahali hapo irekodi. Ikiharibika yoyote ndani ya 10 hizo, simama, jua kosa ni lipi, pumzika, anza upya. Ukipata seti 3 za namna hiyo kwa siku tatu tofauti, shusha mikono ngazi moja. Ukifika sakafuni, anza na zile za kulala na kunyoosha mikono, hata kama ni 3 tu, kabla ya kukimbilia idadi. Zikifika 20, panda upande wa pili: miguu kwenye daraja la kwanza la ngazi, na uanze tena kuhesabu kuanzia 10.